Nati ya Nne

Watu wanaosema gari la zamani ni burudani ya mstaafu hawajawahi kuogea ndoo iliyoshinda na oili chafu. Mimi nimeogea. Nimekuta plagi nne zimelala kabatini pamoja na vikombe vya wageni, nimekuta gasketi mpya imetandazwa kati ya mashuka ili isikunjike, na siku moja nilifungua oveni nipashe chakula nikakuta kifuniko cha injini kinakaushwa rangi. Nilipouliza, mume wangu alinijibu kwamba oveni yetu ina moto wa taratibu, hakuna mfano wake mtaani. Nikaona bora nicheke, maana tangu tuinunue hakuwahi kuisifia.

Mume wangu alifundisha uchoraji wa kiufundi sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima, mimi nikiwamo, unamwita Mwalimu. Gari lake lina milango miwili, pua ndefu na umri wa kuitwa babu. Alilinunua likiwa mifupa mitupu, akalijengea banda la mabati nyuma ya nyumba, mlango wa banda ukitazamana na mlango wa chumba changu cha kushonea, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani. Majirani walilipa gari jina la Kesho. Kila aliyemuuliza Mwalimu litatoka lini alijibiwa kesho, na kesho hiyo ilidumu miaka tisa.

Sitajifanya kwamba nililichukia. Viti vyake nilivishona mimi, kwa ngozi ya bandia rangi ya damu ya mzee, mshono maradufu, na Mwalimu alipita juu ya kila mshono na rula yake. Alipata kosa moja. Nilifumua kiti kizima huku nimenuna, nikashona upya, na nilipomaliza nilijikuta nimekikalia humo bandani, gari halina injini wala magurudumu, nikijiona kabisa ninapelekwa mahali. Sikumwambia.

Kisha kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kikaanza kucheza. Tulikicheka. Kikafuata kiganja, ukafuata mkono wa kushoto, na kicheko kikatukauka. Daktari, binti mwenye umri wa binti yetu, alimpa karatasi akamwambia achore duara. Mtu huyu alikuwa akichora maduara ubaoni kwa mkono mtupu na wanafunzi wakampigia makofi. Alichochora siku ile sikutaka kukitazama mara mbili. Daktari akatutajia jina la ugonjwa, akasema dawa zitaupunguzia kasi lakini hazitaurudisha ulikotoka. Mwalimu hakuuliza habari za kula wala za kutembea. Aliuliza habari za kuendesha gari.

"Leo bado unaweza," daktari akasema. "Mwakani, mzee wangu, siwezi kukudanganya."

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja bandani, akasimama mbele ya injini iliyokuwa imefumuliwa juu ya meza, akasema bila kunigeukia: "Mama, hii nataka niifunge mwenyewe. Kila nati, kwa mikono hii. Niiwashe, niliendeshe gari mpaka barabara kuu na kurudi. Mara moja tu. Baada ya hapo waje wachukue leseni yao."

"Utaliendesha," nikasema.

"Usinijibu kama unamjibu mgonjwa."

"Basi hutaliendesha."

Alicheka, nami nikacheka, na hatukuutaja ugonjwa tena kwa jina.

Silinda za injini ile zilichongwa na mtu mfupi mwenye karakana ya mashine mtaa wa pili. Tunamwita Fundi Unywele, maana kwake kila kitu hupimwa kwa unywele: kimebaki unywele, kimezidi unywele. Siku aliyoirudisha bloku, lile pande la chuma lenye silinda, alileta na pistoni nne ambazo zilitafutwa kwa tochi miaka mitatu, zikaja kupatikana kwenye stoo ya mfanyabiashara aliyekwishafariki. Alimshika Mwalimu bega. "Nimechonga mpaka mwisho," akasema. "Ukuta uliobaki safari hii ni unywele kweli, siyo wa mdomoni. Na pistoni za saizi hii hazipo tena, hata kwa dawa. Mkiiharibu msiniite fundi, niiteni mchimba kaburi." Mwalimu akamjibu kwamba yeye hakuwahi kuharibu chaki. Walicheka sana wale wawili.

Mapema kabisa nilifanya kosa. Mwalimu alikuwa anatia skrubu ndogo kwenye pampu ya oili, inaingia, inatoka, inadondoka, anaiokota, anaanza tena. Nilivumilia mpaka uvumilivu ukaniishia. Nikaichukua skrubu kutoka vidoleni mwake, kama ninavyomnyang'anya sindano mwanafunzi wangu wa kushona, nikaitia na kuikaza. Haikunichukua hata nusu dakika. Nilijiona nimefanya la maana.

Aliweka bisibisi chini. Alifuta mikono kidole kwa kidole, akaenda chumbani, akalala ameupa uso ukuta. Siku nane hakukanyaga bandani. Alikula nilicholeta na kujibu nilichouliza, basi. Siku ya tisa alirudi kazini mwenyewe, nami sikuthubutu hata kumwambia karibu.

Hapo ndipo tulipojitungia sheria ya kujitia hamnazo, bila kikao. Mimi sikuwa namsaidia, nilikuwa nanyoosha mgongo. Nilishika kitu kwa sababu kilikuwa njiani kwangu. Niliacha taa imeelekea pale alipopataka, kwa bahati tu. Chai nilimmiminia nusu kikombe isije ikamwagika, na yeye, mtu wa vikombe vitatu, hakuwahi kuuliza nusu nyingine imekwenda wapi. Na kwetu kitu kikianguka, hakikuanguka. Spana ikigonga sakafu, mimi natazama mabati na kumlalamikia mteja anayetaka gauni la kumficha tumbo. Yeye anapiga magoti, anatafuta, anainuka akihema. Mimi namalizia malalamiko. Ukituona ungedhani ni wazee wawili wenye masikio mabovu.

Kwa mwendo huo wa kobe injini ilipanda. Ilikula miezi saba kazi ambayo zamani angeimaliza kwa wiki mbili, lakini ilipanda: krankishafti, pistoni, vali, kila kipande kikaingia kwa mkono wake. Tuliirudisha garini kwa winchi ya kuazima, majirani wakasukuma. Nilianza kuamini. Ndilo ninalojilaumu kuliko yote, kwamba nilianza kuamini, na mwenye imani haulizi maswali.

Jumamosi asubuhi ikabaki kabureta. Kabureta hukaa juu ya mdomo wa manifodi, lile bomba linalopeleka hewa na petroli ndani ya silinda. Pembeni mwa mdomo huo kuna bolti nne zilizosimama, na kabureta hufungwa kwa nati nne. Mwalimu hakuwa mtu wa kuweka nati kwenye sahani. Kila nati aliirudisha kwenye bolti yake na kuizungusha mara mbili, ikae hapo hata miaka. Na mdomo wowote wa injini ulio wazi aliuziba kwa kitambaa safi. Nilimkatia mimi mwenyewe mabaki ya pamba. Alinifundisha kwamba kitambaa hutoka mwisho. Nati kwanza, kitambaa mwisho, kabureta ikae papo hapo.

Siku ile alitoa kitambaa kwanza.

Nilikiona mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nimeshika gasketi mpya, na maneno yalikuja mpaka kwenye ulimi: Mwalimu, kitambaa. Nikafikiria siku nane za ukuta. Nikafikiria kwamba mwakani wa daktari ulikuwa umekaribia. Nikayameza. Alifungua nati ya kwanza akaitia mfukoni, ya pili, ya tatu. Ya nne ilimcheza vidoleni, akaibana, ikamcheza tena. Ikatua ndani ya bomba kwa sauti ndogo ya kifungo kinachoangukia ndani ya kopo.

Nilitazama mabati. Mwalimu hakusogea. Sisi wawili tulisikia, na hakuna aliyesikia.

"Ngoja nikachemshe chai," nikasema.

Nilidhani nimefanya akili. Sumaku yake yenye mkia mrefu ilikuwa imening'inia kwenye msumari kando ya mlango. Nati ya chuma haishindwi kuvutwa na sumaku. Alichohitaji ni muda na mke asiyekuwapo, nami nikampa vyote. Nilichemsha maji nikayaacha yapoe nikayachemsha tena. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi. Nilipiga pasi kola ambayo haikuwa na haraka. Nusu saa nzima nilimwachia, na moyo ulinidunda kama mimi ndiye niliyekuwa nahangaika na sumaku.

Niliporudi, kabureta ilikuwa imekaa mahali pake na imefungwa. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho.

"Umemaliza?" nikauliza.

"Nimemaliza."

Nilihesabu nati nikijifanya nasifia kazi. Zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za kahawia, kama kila nati ya injini ile iliyokwishakula chumvi. Moja ilikuwa nyeupe, inang'aa, na kwenye rafu kulikuwa na kopo zima la nati nyeupe mpya. Niliiona. Nisiseme uongo hapa, niliiona wazi. Nikajiambia ameisugua kwa msasa ndiyo maana inang'aa, nikampa nusu kikombe chake cha chai, na roho ikanitulia kwa uongo niliojiambia mwenyewe.

Jumapili mchana majirani walijaa getini. Muuza duka wa kona alifunga duka ili aje kutuchokoza. "Leo ndiyo Kesho," akasema, na watu wakaangua kicheko. Mwalimu alivaa shati lake la mahafali ya shule, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti nilichokishona mara mbili. Mimi nilisimama dirishani kwake. Alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikakohoa, ikashika, ikawaka.

Gari zima lilitetemeka, kama yatetemekavyo magari ya umri ule. Usukani ulitetemeka, kioo kikatetemeka, mkono wangu uliokuwa juu ya mlango ukatetemeka. Na mikono ya mume wangu humo ndani ilikuwa mikono kama ya mtu yeyote. Alilijua hilo. Alinitazama, na uso ule sikuwa nimeuona tangu harusi yetu. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Akakanyaga mafuta kidogo.

Ko. Kisha ko, ko, ko, chuma juu ya chuma, na mimi nikajua, na niliuona uso wake ukijua. Akaupeleka mkono kwenye ufunguo kuizima, mkono ukapita pembeni. Akaurudisha, ukapita tena. Ufunguo ulikuwa mbele yangu, ningeufikia kwa kuinama tu kidogo. Sikuinama. Miezi saba nilijizoesha kutougusa mkono ule unapokosea, na mazoea yalinishika pale pale nilipokuwa nikiyahitaji yaniachie. Vidole vyake vilipoupata ufunguo mara ya tatu, injini ilikuwa imekwisha kupasuka na kunyamaza yenyewe. Oili ilitiririka chini ya gari mpaka kwenye viatu vyangu.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Muuza duka alisema kitakwama hapa kitaendelea pale, maneno ya msibani, akaenda kufungua duka.

Fundi Unywele alikuja Jumanne na kisanduku chake. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama mlangoni. Alifungua kichwa cha injini, akakiinua, akavuta pumzi. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka. Vali moja imepinda, na ukutani mwa silinda, ule ukuta wa unywele, kulikuwa na ufa ambao kucha yake ilizama alipoupitisha kidole. Kwa koleo alichomoa kitu kutoka juu ya pistoni, kimepondeka, lakini pande zake sita bado zilihesabika. Alikiweka kwenye kiganja akakisogeza mwangani.

"Haichongeki tena," akasema. "Haiungiki. Na pistoni nilishawaambia." Akatugeukia. "Nani alifunga kabureta?"

"Mimi," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka sikujuta, kwa sababu nilijua halitadumu. Mume wangu alikuwa mtu wa kusimama mbele ya darasa na kusema: jana niliwafundisha vibaya, futeni. Aliwahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu alipewa bisibisi ya ziada. Nilimgeukia nimngoje aseme hapana, mke wangu hakugusa kitu, ni mimi.

"Nilimwambia awe mwangalifu," Mwalimu akasema.

Nilisikia kama nimepigwa kofi. Fundi Unywele aliitazama mikono yangu, mikono inayotia uzi mweusi kwenye sindano ndogo kuliko zote bila miwani, kisha akaitazama ile mingine miwili iliyobanwa kati ya magoti. Alielewa. Akainamisha kichwa akaanza kufuta vifaa vyake, kimoja kimoja, naye akajitia hamnazo. Alipoondoka alinipa mkono mimi tu.

Tulibaki wawili. Nilikuwa na hasira ya kuweza kulibomoa banda lile bati kwa bati. Nilitaka kumuuliza ni mtu gani huyu niliyebaki naye. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulisikia ilipoanguka."

"Nilisikia."

"Ukaenda kuchemsha chai."

"Nilikupa nafasi uitoe."

"Ilishika kwenye sumaku," akasema. "Mara tatu ilishika. Kila nikiifikisha juu, mkono unaipiga ukingoni, inarudi ndani. Mara ya nne sikuiona tena. Nikajiambia labda imekaa kwenye kona, labda haitakwenda popote. Mimi, Mama. Mimi nikajiambia labda."

"Nami nilikuwa jikoni hapo. Kwa nini hukuniita?"

Aliigeukia injini.

"Kwa sababu ungekuja," akasema.

Ningekuja, ndiyo. Ningekuja mbio na mikono yangu mizima, ningeitoa nati ile kwa dakika moja, na gari lingekuwa barabarani leo. Na lisingekuwa lake tena. Alichagua labda yake, mimi nikachagua kutoiona nati nyeupe, na tulichokuwa tunakilinda wote wawili kikafia mikononi mwetu. Hasira ilinitoka. Ningependa ibaki, maana kilichokuja mahali pake kilikuwa kizito zaidi.

Aliinuka, akaenda mlangoni. Upepo ulikuwa umeufunga. Alikishika kitasa, kikamteleza, akakishika tena, kikamteleza. Nilisubiri nikitazama pengine, kama sheria ilivyotaka.

"Mama," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "njoo unifungulie."

Nikaenda, nikamfungulia. Alisema ahsante.

Tangu siku ile ananiita kwa kila kitu. Nimfunge viatu, nimkatie nyama, nimnyoe ndevu, nimwandikie jina lake kwenye fomu za kurudisha leseni. Haoni haya, hanuni, hageukii ukuta, na kila mara anashukuru. Mimi naacha cherehani nakwenda, nafanya, narudi, na majirani wanasema Mwalimu amekuwa mtu mpole siku hizi. Kila akiniita natamani anifukuze, hata mara moja tu, aniambie nimwache afanye mwenyewe.